Jinsi ya kupima kama mashine ya fizikia ya mabilioni inastahili hela ya walipa kodi

Kuna siku kijiweni kwetu, kahawa na kashata zinaendelea, mzee mmoja akanigeukia. Anajua nafundisha fizikia. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi ni kweli wazungu wamechimba handaki la kilomita 27 ili wagonganishe vitu ambavyo hata havionekani?" Nikamwambia kweli, mzee wangu. "Na hela ni ya serikali?" Kweli. "Basi hao wezi." Watu wakacheka, na mimi badala ya kutulia nikaanza yale maneno ya kukariri, ooh bila hao usingekuwa na intaneti, ooh hata simu yako hiyo, mzee akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo walichimba handaki wakitafuta intaneti?"

Sikuwa na jibu, nikajifanya napuliza kahawa.

Sasa tangu siku ile nimekaa na hili jambo, nikasoma, nikabishana na watu, na nimepata namna ya kulipima ambayo hainiangushi tena. Naiweka hapa kwa yeyote anayekutana na huu ubishi darasani au kwenye grupu la WhatsApp, uwe unatetea au unapinga, mimi sijali, ila upinge kwa hoja.

Anza na hela, ni ya nani na imetoka mfuko gani

Tuchukue mfano mmoja tuukomalie, hilo handaki lenyewe. Lipo CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe ndogondogo, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa karibu na Geneva, kama mita 100 chini ya ardhi, na vitu wanavyogonganisha humo hasa ni protoni, chembe zilizomo ndani ya atomu. CERN ilianzishwa 1954 na nchi 12 za Ulaya zilizotoka vitani zikiwa hoi, leo wanachama wamezidi 20, na kila nchi inachangia kulingana na pato lake, Ujerumani ndo inatoa kubwa kuliko wote. Bajeti yao ya mwaka ni zaidi ya faranga bilioni 1.2 za Uswisi. Nchi wanachama kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni 500, kwa hiyo ukigawanya haifiki faranga 3 kwa kichwa kwa mwaka, hela ambayo Geneva penyewe haikupi hata kikombe cha kahawa mgahawani.

Watetezi wengi wakifika hapo wanashangilia na kufunga mjadala. Wewe usifunge. Kugawa kwa kichwa ni mchezo, hata mikopo ya kausha damu inauzwa hivyohivyo, rejesho elfu tatu tu kwa siku dada yangu. Chochote ukikigawanya kwa watu milioni 500 kinakuwa kidogo. Hesabu ya kweli ni kuuliza hiyo hela imechotwa mfuko gani na nani mwingine anakula humohumo. Na mara nyingi anayekosa si mgonjwa wa wodini, ni mwanasayansi mwingine wa jengo la pili. Ndo maana Marekani walipotaka kujenga mashine kubwa kuliko zote kule Texas, mmoja wa waliokwenda kuipinga mbele ya wabunge alikuwa Philip Anderson, mwanafizikia mwenye Nobel yake ya 1977, mtu wa fizikia ya vitu vigumu, ile iliyotuletea mambo ya transista. Hoja yake ilikuwa kwamba fizikia ya mezani, ya gharama ndogo, inazaa matunda mengi na inabanwa, huku chembe ndogondogo zikimeza bajeti. Kwa hiyo ukisikia "wanasayansi wanataka hiki", uliza wanasayansi gani.

"Ile hela ingejenga hospitali"

Hii ndo hoja inayopigiwa makofi kijiweni, na inauma kwa sababu wote tuna ndugu aliyelala chini wodini. Ila ipime kwa kitu kilichotokea kweli.

Ile mashine ya Texas, karibu na mji wa Waxahachie, ilikuwa iwe na mzunguko wa kilomita 87. Mwaka 1987 makadirio yalikuwa kama dola bilioni 4.4. Kufika 1993 yameshavuka bilioni 10, wabunge wakachoka, Oktoba mwaka huohuo wakaikata. Kufikia hapo dola kama bilioni 2 zimeshaliwa na handaki la karibu kilomita 23 limeshachimbwa, likaachwa lijae maji. Sasa swali, hizo bilioni zilizookolewa zilienda hospitali gani? Hakuna, hazikuhamia popote kwa jina, wala hao wanafizikia wengine waliokuwa wanalalamika hawakugawiwa. Bajeti ya serikali si kibubu cha nyumbani kwamba ukiacha kununua redio ile hela unaikuta palepale.

Simaanishi kwamba hoja ya hospitali ni ya kijinga. Namaanisha mwenye kuitoa aonyeshe njia, hii hela inatoka kifungu hiki inaingia kile. Akishindwa, hiyo ni huzuni, na huzuni tunayo wote.

Soma makadirio kama mtu aliyewahi kujenga nyumba

Aliyewahi kujenga hapa bongo anaelewa bila kufundishwa. Fundi anakuambia milioni 15 mpaka kupaua, ukifika kwenye lenta milioni 15 zimeisha na nondo hazijatosha, na huwezi kuacha kwa sababu kuta zimeshasimama zinakutazama. Miradi mikubwa ya sayansi iko hivyo kabisa. Darubini ya James Webb miaka ya 90 ilipigiwa hesabu ya chini ya dola bilioni 1, ikarushwa tarehe 25 Desemba 2021 ikiwa imefika kama bilioni 10. Imefanya kazi nzuri sana, picha umeziona, lakini aliyepitisha ile hesabu ya kwanza alikuwa anaomba kitu kingine kabisa na kile alichopewa.

Ila si wote wako hivyo. Fermilab, maabara ya chembe karibu na Chicago, ilipewa dola milioni 250 mwishoni mwa miaka ya 60 na mkurugenzi wake Robert Wilson akaimaliza kabla ya muda na chini ya bajeti. Huyu Wilson ndo yule aliyeulizwa na seneta mwaka 1969 kama mashine yake itasaidia ulinzi wa nchi, akajibu haihusiani moja kwa moja na kuilinda nchi, isipokuwa inaifanya nchi istahili kulindwa. Jibu tamu, watu wanalinukuu mpaka leo, ila mimi naona kilichompa haki ya kujibu hivyo ni kwamba risiti zake zilikuwa safi. Ukitaka kutamba na maneno ya Wilson tamba na bajeti ya Wilson pia.

Halafu uliza gharama za baada ya kukata utepe. Mashine ya CERN, LHC, ina sumaku kubwa 1,232 za kupindisha protoni zizunguke handaki, kila moja urefu mita 15 na uzito tani 35, na zinapoozwa mpaka nyuzi 271 chini ya sifuri kwa kutumia heli, gesi iliyopoozwa mpaka ikawa maji. Hiyo baridi ni umeme, mwaka mzima. Mwaka 2022 bei ya umeme ilipopaa Ulaya ikabidi wazime mashine wiki 2 kabla ya ratiba. Kwenye brosha za kuombea hela hiki kipengele huwa kimejificha.

Na kuna bahati mbaya. Hii naipenda kuisimulia darasani. Tarehe 10 Septemba 2008 LHC iliwashwa, dunia nzima inaangalia, wengine wanasema dunia itamezwa. Siku 9 baadaye kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku na sumaku, kiungo ambacho hakikulehemiwa sawasawa, kikapata moto, cheche ikatoboa chombo cha heli, tani kama 6 zikalipukia ndani ya handaki na sumaku zikang'oka kwenye vikalio vyake. Sumaku 53 zikabidi zitolewe nje zikatengenezwe au zibadilishwe. Mashine ikakaa zaidi ya mwaka mzima, na ilipowashwa tena Novemba 2009 waliiendesha kwa karibu nusu ya nguvu mpaka 2013, ndo wakaifunga wakapita kiungo kimoja kimoja, zaidi ya 10,000, wakaviimarisha vyote. Yaani lehemu. Kitu ambacho fundi redio yeyote anajua kinavyosumbua. Nilipomsimulia mzee wa kijiweni alifurahi sana, nadhani ndo siku aliyoanza kuwaona hao watu kama mafundi na akaacha kuwaona wachawi.

Faida za pembeni: uliza kama zingekuja hata bila mashine

Hapa ndo nilipopigwa siku ile, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Intaneti ya kurasa, hii ya www, ni kweli ilizaliwa CERN. Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake Machi 1989 kwa sababu palikuwa na maelfu ya watafiti kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja na kompyuta ya aina yake, na taarifa hazipatikani. Protoni hazikuhusika hata kidogo. Tatizo la kushirikishana mafaili lingeweza kutatuliwa na benki au chuo kingine mwaka uleule au mitano baadaye. Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi, hawakuchimba handaki wakitafuta intaneti, na kulitetea handaki kwa kutumia intaneti ni sawa na kutetea harusi ya milioni 30 kwa sababu mpishi alijifunza pilau mpya. Kitu kimoja tu nawapa: tarehe 30 Aprili 1993 CERN waliiachia teknolojia hiyo bure kwa kila mtu. Kampuni ya biashara ingefanya hivyo? Mimi sidhani. Hapo ndo hela ya umma ilionekana.

Wifi nayo hutajwa sana. Mhandisi wa Australia John O'Sullivan miaka ya 70 alikuwa anatafuta mawimbi ya redio ya mashimo meusi madogo yanayolipuka (mashimo meusi ni vitu vya angani vyenye mvutano usioachia hata mwanga), hakuyapata, lakini hesabu alizotengeneza kusafisha mawimbi yaliyovurugika zikaja kutumika kwenye wifi, na taasisi ya serikali ya Australia ikalipwa mamia ya mamilioni ya dola za Australia kwa hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu. Mfano mzuri, ila angalia vizuri: ule utafiti wa mwanzo haukuwa mashine ya mabilioni. Hivyohivyo eksirei, Röntgen 1895 alikuwa peke yake maabara na mrija wa kioo, na hakuchukua hata hataza. Na ile habari ya GPS kwamba saa za satelaiti zinakimbia mikrosekunde 38 kwa siku zisiporekebishwa kwa hesabu za Einstein, ni kweli kabisa, ila Einstein alitumia kalamu. Watu wanachukua mifano ya fizikia ya bei rahisi kuombea hela ya fizikia ghali, ukiwaona waambie.

Mfano unaosimama wenyewe ni hospitali. Ukienda Ocean Road pale Dar, mgonjwa wa saratani analazwa chini ya mashine inaitwa linac. Humo ndani kuna mrija, elektroni zinasukumwa na mawimbi ya redio mpaka zinakaribia kasi ya mwanga, zinapiga kipande cha metali nzito, mionzi inatoka inaelekezwa kwenye uvimbe. Ni mdogo wake kabisa wa zile mashine za kugonganisha chembe, ukoo mmoja, mgonjwa wa kwanza alitibiwa nayo London 1953. Mashine za kusukuma chembe duniani ni makumi ya maelfu na nyingi sana ziko hospitalini na viwandani, za utafiti ni kidogo tu. Hapa mtu hawezi kusema zingekuja hata bila wanafizikia wa chembe, maana mashine yenyewe ndo kitu walichokuwa wanakijenga.

Na faida ya pembeni iliyo kubwa kuliko zote haina picha nzuri ya kuweka kwenye slaidi: vijana. Maelfu wanapita hapo wakisoma shahada, wengi hawabaki kwenye fizikia, wanaondoka na mikono inayojua kutengeneza kitu ambacho hakipo dukani.

Swali langu kubwa: wakikosa, tutakuwa tumejua nini?

Kama una muda wa kuuliza swali moja tu uliza hili. Mradi mzuri wa fizikia ghali ni ule ambao hata jibu likiwa "hakuna" bado ni jibu.

LHC ilikuwa hivyo. Kabla haijajengwa wataalamu walishapiga hesabu kwamba nadharia iliyopo bila chembe ya Higgs, ile inayohusika na kuzipa chembe nyingine uzito, inaharibika ukifika nguvu fulani, inaanza kutoa uwezekano unaozidi asilimia 100, upuuzi. Kwa hiyo mashine yenye nguvu kiasi kile lazima ingekuta kitu, aidha Higgs aidha kingine kinachofanya kazi yake. Haikuwa kubahatisha. Tarehe 4 Julai 2012 wakatangaza wameipata, mwaka uliofuata Peter Higgs na François Englert wakapewa Nobel. Ila waliahidi na mengine, kuna familia nzima ya chembe mpya wengi walikuwa na uhakika zitajitokeza tu, mpaka leo kimya. Ahadi ya kwanza ilikuwa hesabu, ya pili ilikuwa matumaini, na kwenye kuomba hela zilichanganywa sufuria moja.

LIGO ya Marekani, ile ya kunasa mawimbi ya mvutano, ni kesi ngumu zaidi na naipenda kwa hiyo sababu. Zaidi ya dola bilioni 1 kwa jumla. Mashine za kwanza zilisikiliza kuanzia 2002 mpaka 2010 zikaambulia patupu. Miaka minane! Wewe ungekuwa mbunge ungefanyaje? Lakini mpango tangu mwanzo ulisema awamu ya kwanza huenda isinase, ni ya kujifunzia, ya pili ndo yenye masikio. Wakaboresha, na tarehe 14 Septemba 2015 wakasikia mashimo meusi mawili yakiungana, mtikisiko wa mkono wa mashine, bomba la kilomita 4, uliokuwa kama sehemu ya elfu tu ya upana wa protoni. Kilichowaokoa ni kwamba hawakuuza awamu ya kwanza kama ya pili.

Na sisi huku?

Wengi wanadhani haya hayatuhusu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya inatimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini jirani na Malindi ikiwa na satelaiti ya NASA, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutazama eksirei za angani tu. Wakaipa jina Uhuru. Walikuja kwetu kwa sababu ya ikweta, dunia inazunguka kwa kasi zaidi hapo kwa hiyo roketi ndogo inapata msukumo wa bure, na njia ya juu ya ikweta inakwepa mionzi inayochafua vipimo. Kabla ya hapo walikuwa wanarusha roketi inayochungulia dakika chache inaanguka. Uhuru ilikaa juu zaidi ya miaka miwili, ikaorodhesha vyanzo 339, na vipimo vyake vya chanzo kimoja kiitwacho Cygnus X-1 ndivyo vilivyowafanya watu waanze kuamini mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo akapata Nobel 2002.

Sasa ipime kwa kipimo chetu. Hela ilikuwa ya Marekani na Italia, ugunduzi wa dunia nzima, jina letu. Ujuzi ukabaki wapi? Nenda Malindi uulize ni wangapi wa hapo waliofundishwa kutengeneza kifaa kama kile. Kenya na Italia walikuja kusaini mkataba mpya 2016, na mafunzo ni moja ya mambo yaliyozungumzwa, miaka zaidi ya 40 baada ya roketi. Kwa hiyo nchi yetu ikialikwa kwenye mradi wa namna hii, kama Kenya ilivyo mshirika wa ile darubini kubwa ya redio ya SKA inayojengwa Afrika Kusini na Australia, mimi swali la kwanza naanza na viti: vijana wetu wangapi wanakaa mezani kwenye vipimo, si kwenye sherehe. Kigali kuna taasisi ya fizikia ya msingi ya Afrika Mashariki tangu 2018, inashirikiana na kile kituo cha Trieste alichoanzisha Abdus Salam, Mpakistani, mwaka 1964. Inafundisha kwa ubao na kompyuta. Kwa nchi kama zetu hapo ndo ningeweka shilingi ya kwanza kabla hata ya kufikiria chuma.

Tujaribu na mashine inayoombwa sasa hivi

CERN wanataka handaki jipya la kilomita 91. Awamu ya kwanza kama faranga bilioni 15, ikikubaliwa ianze kazi miaka ya 2040 mwishoni, na ile awamu yenye nguvu kubwa ni miaka ya 2070, mimi sitakuwepo. Ujerumani 2024 walishasema kwa mpango ulivyo hawawezi kuongeza hela. Ukiipitisha kwenye maswali: mfuko ni uleule wa sayansi kwa hiyo kuna watakaobanwa, makadirio ni ya kabla ya msingi na lenta tunaijua. Wakikosa chembe mpya watakuwa wameipima Higgs kwa usahihi mkubwa sana, hicho ni kitu cha uhakika, ila safari hii hakuna ile hesabu ya kusema lazima mtakuta kitu. Vijana na ujuzi, ndio, bila shaka. Mimi ningetoa hela ya kutengeneza sumaku bora kwanza, handaki lisubiri.

Nilimwambia mzee hivyohivyo wiki iliyopita. Akasonya kidogo, akasogeza kashata upande wangu, akauliza hizo sumaku wanalehemu wapi.